Anayedai deni la miaka kumi aje na karatasi

Yapo madai ambayo mdaiwa huyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu asiyemjua. Simu inapigwa na kampuni ya kukusanya madeni, si na benki wala duka lililotoa mkopo. Kiasi kinachotajwa hakifanani na chochote anachokikumbuka. Tarehe ya mkopo ni ya miaka minane, kumi, hata kumi na mitano nyuma, na akiuliza mkataba uko wapi anajibiwa kwamba hilo si la kuzungumza sasa, la kuzungumza ni siku atakayolipa. Akisema alishamaliza marejesho, anaambiwa alete risiti. Akisema hakuwahi kukopa, anaambiwa namba ya simu ni yake. Mazungumzo ya namna hii huupindua utaratibu wa haki, kwa sababu yanamtwika mdaiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hadaiwi, badala ya mdai kuthibitisha kwamba anadai. Ninachokitetea hapa ni kwamba deni la zamani linalobishaniwa lisidaiwe hata kwa ujumbe mmoja wa simu mpaka mdai awe na nyaraka mkononi, na likishavuka ukomo uliowekwa na sheria, mdai alazimike kumwambia mdaiwa jambo hilo waziwazi mara ya kwanza anapomtafuta.

Msingi wa hoja hii tayari umo katika sheria zetu. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania na ile ya Kenya zote zinasema kwamba anayetaka mahakama iamini jambo fulani ndiye wa kulithibitisha. Na nchi zote mbili zimeweka muda wa kufungua kesi ya madai yanayotokana na mkataba, nao ni miaka sita, kwa Tanzania chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971, na kwa Kenya chini ya sheria yake ya ukomo wa mashauri, Sura ya 22. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kulipa rejesho mwaka 2012, asiyelipa chochote baada ya hapo wala kutia saini barua yoyote ya kukiri deni, kwa kawaida hawezi kushtakiwa kwa mkataba huo leo. Kampuni zinazokusanya madeni zinalijua jambo hili kuliko wadaiwa wengi, na ndiyo maana katika madai ya zamani simu huwa nyingi kuliko hati za mahakama. Njia ya kesi ikishafungwa, inabaki njia ya hofu na aibu.

Wako wanaodhani ukomo ni mwanya uliowekwa ili kuwasaidia wakopaji wasio waaminifu. Sivyo. Ukomo umewekwa kwa sababu ushahidi huchakaa, na unapochakaa hakuna hakimu anayeweza kujua nani anasema kweli. Tazama karatasi zenyewe. Risiti za mashine ya EFD huchapwa kwa joto kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia, na ukiiweka kwenye pochi miaka michache inaweza kubaki nyeupe. Sheria za usimamizi wa kodi za Tanzania na Kenya, zote za mwaka 2015, zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Ikiwa serikali, yenye wakaguzi na kompyuta, imeona miaka mitano inamtosha mfanyabiashara mwenye ofisi na mhasibu, kwa haki gani mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishwa vituo vitatu atakiwe kuonyesha stakabadhi ya mwaka 2011? Mpangaji aliyehama nyumba mara tano ataitoa wapi taarifa ya benki ambayo tawi lake lilishafungwa?

Namba za simu nazo hazikai na mtu mmoja milele. Laini isiyotumika kwa muda hurudishwa kwenye kampuni ya simu na kuuzwa kwa mteja mwingine. Mkopo uliochukuliwa kwa namba hiyo unabaki kwenye daftari la mkopeshaji, na mtu aliyeinunua laini juzi anakuta anadaiwa na watu asiowahi kuwasikia. Wakopeshaji wenyewe hubadilika pia. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, benki iliyokuwa nyuma yake ilikuwa CBA, ambayo mwaka 2019 iliungana na NIC na kuwa NCBA. Sehemu ya mali na madeni ya Chase Bank, iliyowekwa chini ya usimamizi maalumu mwaka 2016, ilikwenda SBM mwaka 2018. Kwa upande wa Tanzania, Twiga Bancorp iliunganishwa na Benki ya Posta mwaka huohuo wa 2018, na baadaye benki hiyo ikawa TCB. Hakuna ubaya katika mabadiliko hayo, ni mambo ya kawaida ya biashara na usimamizi. Lakini kila daftari la mikopo linapohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kinachosafiri kwa urahisi ni jina, namba na salio. Barua ya malalamiko ambayo mteja aliipeleka kaunta miaka kumi iliyopita, au makubaliano ya mdomo na meneja aliyekwisha kustaafu, hayaingii kirahisi katika safu ya jedwali.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilichapisha uchunguzi wake kuhusu kampuni zinazonunua madeni yaliyoshindikana kulipwa. Ilipitia zaidi ya mafungu 5,000 ya madeni, yenye akaunti karibu milioni 90 na thamani ya dola bilioni 143, na ikakuta kwamba wanunuzi walikuwa wameyanunua yote hayo kwa dola bilioni 6.5. Hiyo ni wastani wa senti nne kwa kila dola inayodaiwa. Bei ilishuka kadiri deni lilivyozeeka. Deni la chini ya miaka mitatu liliuzwa kwa karibu senti nane, la kati ya miaka sita na kumi na mitano kwa senti mbili na ushei, na lililozidi miaka kumi na mitano karibu bure. Mafungu mengi yaliuzwa bila nyaraka za mikataba, na historia ya malalamiko ya mteja kwa kawaida haikufuatana na deni. Madeni yaliyobishaniwa na wadaiwa, wanunuzi waliweza kuyathibitisha takriban nusu tu. Marekani ina benki zenye kumbukumbu nzuri na mahakama zenye uzoefu mrefu wa kesi za namna hii. Kama huko nusu ya madeni yanayobishaniwa hukosa uthibitisho, hapa kwetu, ambako mikopo mingi midogo imeandikwa kwenye madaftari ya mkono au kwenye simu iliyokwisha kuibwa, hakuna sababu ya kuamini kwamba orodha aliyonayo mkusanyaji ni sahihi kwa kuwa tu imechapwa vizuri. Bei yenyewe inatosha kuwa ushahidi. Anayeuza dai la dola mia kwa dola mbili anaonyesha ni kiasi gani anaamini litalipwa.

Halafu lipo suala la kiasi. Deni la zamani halirudi likiwa na umbo lililoondoka nalo. Chukua mkopo wa Sh200,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ambayo haishangazi kabisa katika mikopo ambayo watu mitaani wameipa jina la kausha damu. Hata bila kutoza riba juu ya riba, hiyo ni Sh20,000 kila mwezi. Mkopeshaji akinyamaza miaka kumi, riba peke yake inafika Sh2,400,000, mara kumi na mbili ya fedha alizotoa. Ongeza adhabu ya kuchelewa na gharama za ufuatiliaji, na utaona kwamba katika hesabu za namna hii kunyamaza kuna faida kuliko kudai mapema. Kenya ililiona tatizo hili na ikaweka kifungu cha 44A katika Sheria ya Benki, kinachotumika tangu Mei 2007. Kwa mujibu wake, mkopo ukishakuwa chechefu, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi msingi uliokuwa unadaiwa siku mkopo huo ulipochechemea, ukiacha gharama halali za kuufuatilia. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kanuni hiyo inaigusa hata Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Huu ni uamuzi wa busara ambao ungefaa kuigwa na kila mtunga sheria wa ukanda huu, na uhusishe kila anayekopesha kwa riba, awe benki, kampuni ya mikopo midogo ya daraja la pili au programu ya kwenye simu.

Mtego mkubwa kuliko yote katika madeni ya zamani ni ule unaoonekana kama huruma. Mkusanyaji, baada ya kutisha kwa wiki mbili, anabadilisha sauti. Anasema anaelewa hali ni ngumu, kwa hiyo mdaiwa atume chochote, hata Sh5,000, kuonyesha nia njema, kisha mengine watazungumza. Mtu aliyechoka na simu hutuma ili apumzike. Asichokijua ni kwamba katika sheria za ukomo za Tanzania na Kenya, malipo ya sehemu ya deni, au barua yenye saini inayolikiri deni, huufanya muda uanze kuhesabiwa upya. Deni lililobakiza miezi mitatu kufikia ukomo linapata miaka sita mingine kwa Sh5,000. Uingereza, ambako asili ya sheria zetu nyingi iko, ilifunga sehemu ya mlango huu katika sheria yake ya mwaka 1980, kwa kusema kwamba muda ukishakwisha, malipo ya baadaye hayawezi kulifufua deni. Mabunge yetu yanapaswa kusema hivyo kwa maneno yasiyoacha nafasi ya ubishi. Na hadi yatakaposema, anayedaiwa deni asilolitambua asitume hata senti, asiweke saini kwenye makubaliano yoyote ya kulipa kidogo kidogo, wala asiandike sentensi inayoanza na maneno ya kuomba muda. Aandike barua fupi kwamba halitambui deni hilo, aombe nakala ya mkataba, taarifa yote ya marejesho, tarehe ya malipo ya mwisho na ushahidi kwamba anayemwandikia amekabidhiwa haki ya kudai. Abaki na nakala. Baada ya hapo ana haki ya kutopokea simu.

Lakini kutopokea simu na kupuuza hati ya wito ya mahakama ni mambo mawili tofauti kabisa, na kuyachanganya kumewagharimu watu. Tanzania ina kinga nzuri hapa. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo kinaiagiza mahakama iitupe kesi iliyoletwa nje ya muda hata kama mdaiwa hakuligusia suala hilo. Kenya inamtaka mdaiwa aitaje hoja ya ukomo katika utetezi wake. Asipofika mahakamani, hukumu ya upande mmoja inaweza kutolewa dhidi yake, na hukumu si mkataba tena. Katika nchi zote mbili hukumu ya madai inaweza kukaziwa ndani ya miaka kumi na miwili. Mtu aliyekuwa na utetezi mwepesi kabisa, wa tarehe tu, anaweza kujikuta akifuatwa na dalali wa mahakama kwa deni ambalo lingekufa kama angejitokeza asubuhi moja na kusema neno. Kwa hiyo anayepokea samansi aende, na aende na tarehe zake.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kufundisha watu kukwepa. Dawa ya deni ni kulipa, watasema, na deni haliozi. Nauheshimu msemo huo na ninaamini kwamba aliyekopa na anayejua hajalipa ana wajibu mbele ya dhamiri yake hata kama hakimu hawezi kumlazimisha. Asiyetaka kulipa na anayejua kabisa kwamba anadaiwa si mtu ninayemtetea hapa. Lakini msemo huo unaanzia mahali ambapo deni lipo na linajulikana. Hausemi lolote kuhusu deni ambalo pande mbili zinalibishania na ambalo anayelidai leo hakuwepo lilipotokea. Desturi zetu za kidini, ambazo wengi huzitaja wanapodai kwamba deni halifi, zimeliona tatizo hili zamani sana. Aya ya 282 ya Sura ya al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Kurani, inaagiza deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na aya iliyoitangulia kidogo inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe nafasi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, inaweka mwaka wa saba kuwa wa maachilio ya madeni. Ukiyaweka maagizo hayo pamoja, unaona kwamba wajibu wa kulipa haukuwahi kutenganishwa na wajibu wa mdai kuandika na kuwa na kiasi. Anayechukua nusu ya kwanza na kuitupa ya pili hana haki ya kuhubiri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wa kawaida. SACCOS na VICOBA hazikopeshi fedha za tajiri. Zinakopesha akiba za wauza mboga, mafundi na watumishi wa kada za chini, na kila deni linalokufa ni akiba ya mwenzao iliyopotea. Mkopeshaji akijua kwamba hataweza kudai, atapandisha riba au ataacha kukopesha, na atakayeumia ni mkopaji mwaminifu wa kesho. Hilo ni kweli kwa madeni mapya. Kwa deni la miaka kumi, hata hivyo, swali la kuuliza ni kwa nini mdai hakufanya chochote katika ile miaka sita aliyopewa. Sheria haikumfunga mikono. Angeweza kumwandikia mdaiwa na kumtaka akiri salio kwa saini, na muda ungeanza upya. Angeweza kufungua kesi. Kenya sasa ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani jijini Nairobi mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na inayotakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Tanzania ina mahakama za mwanzo karibu kila tarafa, na mdai hahitaji wakili ili asikilizwe. Kama mkopaji alificha ukweli kwa udanganyifu, sheria zote mbili zinachelewesha kuanza kwa muda mpaka udanganyifu ugundulike au ungeweza kugundulika kwa bidii ya kawaida. Tanzania imekwenda mbali zaidi na kumpa Waziri mamlaka ya kuongeza muda, kwa sababu nzito, hadi nusu ya ule uliowekwa. Chama cha akiba chenye katibu makini kina kila kinachohitajika ili kisipoteze fedha za wanachama wake. Kinachokosa nafasi katika mpangilio huo ni biashara ya kuyaacha madeni yalale, kisha kuyauza kwa bei ya kutupa kwa mtu ambaye faida yake inategemea idadi ya watu atakaowatisha.

Kuna anayeweza kuuliza kuhusu mikopo ya wanafunzi. HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Tanzania, inakusanya hata kwa waliokopeshwa tangu mwaka wa masomo 1994/95, kabla bodi yenyewe haijaundwa, na fedha hizo zinasomesha vijana wengine. Sina ugomvi na kulipa mkopo wa elimu. Mikopo hiyo ina sheria yake na makato yake ya mshahara, na haiko katika mikono ya wakusanyaji binafsi wanaonunua orodha. Hata hivyo, hata huko umri wa deni umeleta ubishi wa kweli kuhusu salio, na serikali imewahi kukiri kwamba nyongeza zilizidi. Mwaka 2021, baada ya tangazo la Rais Samia Suluhu Hassan katika sherehe za Mei Mosi, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa. Chombo cha umma kilichoweza kurekebisha hesabu zake kwa wadaiwa wote ni ushahidi kwamba hesabu ya deni la zamani haipaswi kuchukuliwa kuwa takatifu.

Tukirudi kwa wakusanyaji binafsi, silaha yao kubwa ni watu wengine. Wanampigia bosi, shemeji, mchungaji, jirani aliyewekwa kwenye orodha ya majina ya simu bila kuulizwa. Wanaunda kundi la WhatsApp na kuweka picha. Wanasema polisi wako njiani, ilhali kudaiwa kwa mkataba ni jambo la madai na si jinai, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1972 na Tanzania mwaka 1976, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Kifungo cha madai kipo katika sheria zetu, lakini huja baada ya hukumu na baada ya mahakama kumsikiliza mdaiwa. Hakitolewi kwa simu. Wasimamizi wameanza kuamka. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, lugha ya matusi na kuwatafuta watu walio kwenye orodha ya simu ya mkopaji. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya nchi hiyo ilimtoza mkopeshaji mmoja, Mulla Pride, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wake kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2024, na Novemba ya mwaka huo ikataja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tanzania pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume ya kuisimamia. Hatua hizi zote ni njema, ila zinahusu zaidi namna ya kudai. Bado hazijagusa vya kutosha swali la kama kinachodaiwa kipo. Mkusanyaji mwenye adabu, asiyetukana na anayepiga simu saa za kazi tu, bado anaweza kumlipisha mtu deni ambalo halikuwahi kuwepo. Ndiyo maana masharti ya leseni yaongezwe jambo moja ambalo halina gharama kwa mdai mkweli: ujumbe wa kwanza utaje mkopeshaji wa asili, tarehe ya mkataba, msingi, riba iliyoongezwa, tarehe ya malipo ya mwisho, na kama miaka sita imepita, useme kwamba imepita. Asiyeweza kuyataja hayo hana anachokidai.

Haja ya sharti hilo inaonekana wazi kuliko kote pale mdaiwa anapokuwa ameshafariki. Watu wetu wana utaratibu mzuri wa kutangaza msibani kwamba anayemdai marehemu ajitokeze mbele ya familia, na sheria ya mirathi inafuata njia hiyohiyo. Madeni yaliyothibitishwa hulipwa kutoka kwenye mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana, na anayeyapokea madai hayo ni msimamizi wa mirathi. Mjane na watoto hawalirithi deni ili walilipe kwa mishahara yao, isipokuwa kama wao wenyewe walisaini kuwa wadhamini. Na bado zipo simu zinazopigwa kwa wajane, zikitaja mkopo wa mume aliyezikwa miaka mingi nyuma, zikitumia woga wao wa kuliacha jina la marehemu likiwa na doa. Mtu aliyenyamaza siku ya maziko, akanyamaza msimamizi alipokuwa akikusanya madai, akanyamaza mpaka mirathi ikafungwa, hana la kumwambia mjane kwa simu. Kama ana dai, lipo faili mahakamani lenye jina la msimamizi, orodha ya mali na orodha ya madeni yaliyolipwa, na mjane hana wajibu wa kumjibu zaidi ya kumtajia namba ya faili hilo.